Siga ya Mkwe

Mtu akikuambia kwamba moshi una utamu wa maziwa, mtazame mdomo kabla hujamwamini. Mimi nilimtazama Egwang mdomo siku ya kwanza alipoketi hotelini kwangu Malaba, na sijaweza kuusahau. Ulikuwa mpana, mweusi pembeni, na daima ulikuwa majimaji. Alitoa mfukoni kitu kirefu cha kahawia, kinene kama kidole gumba, akakikata ncha kwa kikasi kidogo, na ile ncha ikaangukia kwenye sahani yangu ya mandazi. Kisha akakiingiza mdomoni karibu chote, akakizungusha, akakitoa kikiwa kinang'aa kwa mate. Nilikuwa nimebeba birika la chai. Ilibidi niliweke chini.

"Hii si sigara," aliwaambia madereva waliokuwa wakila. "Hii inaitwa siga. Mtu akisema ni sigara, najua ametoka bush."

Ilikuwa miaka ile ya katikati ya tisini, malori ya kwenda Kigali yalipokuwa yakipanga foleni kutoka mpakani hadi kupita hoteli yangu, na madereva wakilala chini ya matrela wakingoja karatasi zao zigongwe mhuri. Egwang ndiye aliyewashughulikia hizo karatasi. Alikuwa Mteso kama sisi, mzaliwa wa upande wa Amukura, aliyekaa bandarini Mombasa miaka mingi akarudi na koti, tumbo na Kiingereza. Mzungu mmoja mwenye mizigo ya Kigali alimpa boksi la mbao lililojaa siga, na tangu hapo Malaba haikuwa na amani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lile boksi lilitembezwa baa zote za Malaba na za Busia mpaka kifuniko kikalegea.

Siku ile hotelini aliipasha siga moto kwanza, akiizungusha mbali kidogo na njiti ya kiberiti kama mtu anayechoma mahindi na hataki yaungue. Akavuta kidogo, akafunga mdomo, mashavu yakamvimba, macho akayafumba. Hoteli nzima ikanyamaza kumngoja. Kisha akauachia moshi taratibu, mzito na mweupe, ukampandia kwenye masharubu, na akapiga ulimi kwenye kaakaa mara nyingi kuliko inavyohitaji mtu mwenye adabu.

"Hapana meza moshi," akafundisha. "Unaweka kwa mdomo tu, unaskiza. Kwanza unaskia cream. Maziwa, lakini ile ya juu, mafuta yake. Halafu njugu, zenye zimekaangwa pole pole. Halafu mbao mpya, kama fundi amepiga randa saa hii. Makali hakuna. Ni mild. Ukiharakisha inakuwa chungu, lakini ukiipatia time, inakupatia kila kitu."

"Ssebo," dereva mmoja Mganda akamwuliza, "na hiyo yote unakula na ugali ama na matoke?"

Watu walicheka. Egwang hakucheka. Alionyesha jivu lililokuwa limejijenga kwenye ncha, jeupe, limesimama bila kuanguka, akasema jivu la namna hiyo ndilo cheti cha tumbaku safi. Kisha likaanguka, ndani ya kikombe changu.

Nisidhaniwe kwamba tumbaku ni ngeni kwangu. Nilizaliwa upande wa Malakisi, kwa watu wanaolima tumbaku ya kuuzia kampuni. Utoto wangu wote niliumaliza bandani nikichambua majani, mikono imenata utomvu mweusi kama lami, na ukila ugali kwa mikono hiyo unakula uchungu tu. Wakati wa kuchuma majani mabichi tulikuwa tunatapika shambani kwa ukali wake, mama yangu na mimi, na jioni mama huyo huyo anakaa mlangoni na sigara yake. Aliivuta kama wanawake wakubwa wa kwetu wanavyovuta, upande wa moto ukiwa ndani ya kinywa. Nami nilijifunza hivyo hivyo. Ukivuta hivyo upepo hauizimi, jivu halimwangukii mtoto mgongoni, na mikono inabaki huru kupalilia. Niliiacha nilipoolewa. Lakini sikuwahi kumwona mtu akiilamba tumbaku kama mifupa ya supu na kuiita maarifa.

Basi siku ile binti yangu Alupo alikuja kupangusa meza. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, amepata nafasi katika chuo cha uuguzi na alikuwa akingoja muhula uanze. Egwang alimwangalia tangu miguuni hadi kwenye kitambaa cha kichwa, bila haraka, macho ameyafumba nusu vile vile alivyokuwa ameyafumba juu ya moshi.

"Mama, hii ni ya kwako?" akaniuliza. "Hii pia naona ni mild."

Akamshika mkono, pale kwenye kiwiko cha ndani, kwa vidole vile vile alivyokuwa ametoka kujifutia mate. Alupo aliuvuta mkono wake, akaenda nyuma, na nikamsikia akimwaga maji. Nilipomfuata nilimkuta anajisugua kwa sabuni ya kufulia. "Mama," akasema, "ni kama konokono imepita hapa." Nilimmiminia maji mengine.

Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa nimepoteza sahani moja na kikombe, kwa sababu vyombo vile sikuvitumia tena. Lakini Egwang alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Alikuwa na mke mmoja Busia na mwingine ng'ambo, Tororo, na wote aliwachukua kwa heshima ya wazee. Hakuja kwangu. Alikwenda Chakol kwa Ochom.

Ochom ni mdogo wa marehemu mume wangu. Baba yake Alupo alipofariki, Ochom ndiye aliyekuwa baba kwa mujibu wa mila: boma la Chakol nilikokaa lilikuwa lake, shamba nililolima lilikuwa lake, na neno la mwisho juu ya msichana lilikuwa lake. Alikuja hotelini akiwa amenyoa ndevu, na nilipoona amenyoa nilijua ameahidiwa kitu. Kumbe Egwang angemfanya mwangalizi wa yadi ya malori, pamoja na kofia na filimbi.

"Shemeji," akasema, "bahati imebisha mlango. Egwang anataka Alupo."

"Alupo anaenda kusoma."

"Atasoma akiwa kwake. Kwani mtu mwenye gari tatu atashindwa na school fees?"

"Ochom, yule mzee ni rika ya marehemu. Na ako na wanawake wawili. Na mtoto hamtaki."

"Mtoto hajui kitu anataka." Akajipapasa kidevu chake kipya. "Mkono mtupu haulambwi, shemeji. Na wewe usiniharibie. Siku watakuja, wewe kaa jikoni yako kama mama wa msichana anavyokaa. Hayo ingine ni ya wanaume."

Nilimsihi. Nilimtajia kaka yake. Nilimwambia nimemwona yule mtu akila, nimemwona akivuta, na kwamba mwanamke atakayelala karibu na ule mdomo atanuka jivu mpaka kaburini. Ochom alicheka, akasema hakuna ng'ombe aliyewahi kurudishwa kwa sababu ya mdomo.

Hapo alisema uongo, na mimi nilijua. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe ni watu wa kuogopana. Hawaangaliani usoni, hawapeani mkono, hawakai nyumba moja. Na mdomo ndio mbaya kuliko vyote. Pombe yetu, ajono, inanywewa kutoka chungu kimoja kwa mirija mirefu, watu wameizunguka, na mrija unapita kutoka mtu hadi mtu bila kinyaa. Lakini mrija uliogusa mdomo wa mama mkwe haufiki kwenye mdomo wa mkwe wake, wala wa mkwe haufiki kwake. Kulikuwa na jirani yetu ambaye mkwewe, katika giza la kilio, alichukua mrija uliokuwa umewekwa chini akaunyonya, kumbe ulikuwa wa mama wa mke wake. Hakukusudia. Mke wake huyo alikuwa na watoto tayari, na bado ndoa ilikufa. Wazee walisema mate yao yamekutana, na watu ambao mate yao yamekutana ni kama wamelala pamoja. Ng'ombe walirudi kwao, tena kwa miguu yao.

Lakini sikuyafikiria hayo siku ile. Siku ile nilikuwa nafikiria kumtorosha Alupo, na sikuwa na pa kumtoroshea.

Walikuja Chakol alasiri ya Jumamosi, baada ya mvua. Mimi nilikuwa jikoni kama nilivyoamriwa, nimekaa karibu na ufa wa ukuta ambapo udongo umeachana na mti, na uani kote nilikuona. Chungu cha ajono kilikuwa katikati. Ochom alikuwa na wazee wake upande mmoja. Upande mwingine alikuwa Egwang na koti lake, lile boksi la mbao kwenye kigoda kando yake, na pembeni yake mjomba wake, mzee Aluka, aliyekuja kumsemea. Huyo Aluka alikuwa mtu mkavu, mpole, asiyeongeza neno. Alisalimu kila mtu "Yoga noi" mpaka watoto, akapangusa mrija wake kwa kiganja akanywa. Sina ubaya naye.

Ochom alimwelekezea Egwang mrija. Egwang alirudisha mkono nyuma.

"Hapana, asante," akasema. "Mimi hii mambo ya mrija moja watu kumi siwezi. Mdomo ya kila mtu iko hapo. Ni unhygienic."

Wazee walitazamana. Mtu anayekuja kuomba mke na kukataa mrija wa wenyewe, kwa kawaida huambiwa atafute njia aliyojia. Lakini Ochom aliisikia filimbi ya yadi ikilia masikioni mwake, akacheka kwa sauti, akasema wageni wa siku hizi ni watu wa afya. Na mtu wa afya akaingiza mkono kwenye koti akatoa siga.

Akafanya yote tena. Akaikata, akailamba, akaizungusha, akaipasha. Moshi ulinifikia jikoni, ukapita kwenye ufa ukanijia usoni. Alupo alikuwa nyuma yangu, amevalishwa gauni la kitenge, amekaa kwenye gunia la mkaa bila kujali kuchafuka. Kila Egwang alipopiga ulimi kwenye kaakaa, Alupo alijisugua kiwiko kwa ndani.

Mahari ilizungumzwa, na sitaisimulia, kwa sababu ilikuwa kama kusikiliza watu wakiuza ng'ombe na kumwita ng'ombe binti. Egwang hakusema mengi. Alivuta, akaiweka siga kwenye kisahani, akangoja, akaichukua tena. Mzee mmoja alimwuliza kwa nini haimalizi.

"Hii haiharakishwi, mzee," akaeleza. "Unavuta moja, unaiacha ipumzike. Ukifika katikati ndiyo inafungua utamu yake yote. Na ukimaliza, huwezi iponda chini kama sigara ya shilingi. Unaiweka tu, inakufa polepole yenyewe. Hiyo ndiyo kuheshimu." Akatabasamu kuelekea jikoni. "Hata bibi ni hivyo. Yule wa Busia nilimharakisha, akawa chungu. Huyu nitampatia time."

Watu walicheka. Wanaume wazima, baba za watu, walicheka. Nilimtazama Alupo. Hakuwa analia. Alikuwa ameweka mkono mdomoni kama mtu anayezuia kutapika, na macho yake yalikuwa yakiniuliza swali moja tu, na mimi ndimi mama yake.

"Muiteni msichana," Ochom akasema.

Kwetu, kabla wazee wa pande mbili hawajanywa kwa mrija mmoja kufunga maneno, msichana huulizwa. Alupo alitoka, akasimama karibu na chungu. Ochom akamwuliza kama ajono hii inywewe. Alupo hakujibu. Akamwuliza tena. Alupo alitazama chini, midomo ikimtetemeka, sauti isitoke. Kuku alipita katikati ya watu akadonoa kitu akaenda zake.

"Haya," akasema Ochom akipiga mikono, "kimya ni kukubali. Mzee Aluka, shika mrija tunywe."

Aluka hakuushika mara moja. Alimwangalia Alupo, akamwangalia Ochom, kisha akaanza kunyoosha mkono kwa uzito, kwa kuwa si kazi ya mgeni kumfundisha baba wa msichana. Egwang aliweka siga yake kwenye kisahani ipumzike.

Nilitoka jikoni.

Sikumbuki kama nilitembea au nilikimbia. Nakumbuka wanaume waliinama wakageuza nyuso, kwa sababu mama wa msichana haonekani, na Ochom alisema "Shemeji! Shemeji!" kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Nilifika kwenye kisahani. Siga ilikuwa imelala pale, nusu yake imebaki, moto ukiwa hai chini ya jivu. Niliiokota nikaitia mdomoni.

Na hapa mazoea yalinichezea. Mkono wangu ulifanya kama ulivyofunzwa Malakisi. Iliingia upande wa moto ndani, midomo yangu ikafunga katikati ya siga, na upande alioushika Egwang kwa mdomo ukabaki nje, ukichungulia wazee. Siga si sigara, yule mjinga alisema kweli kwa hilo. Ilikuwa nene na ilinichoma ulimi. Machozi yalinitoka. Nikavuta hivyo hivyo.

Wa kwanza kusema alikuwa Egwang. "Mama! Hiyo ndiyo ilikuwa imefika mahali tamu!" Naapa ndivyo alivyosema. Mchumba anamwona mama mkwe wake mtarajiwa amesimama mbele yake na siga yake mdomoni, na kinachomuuma ni nusu iliyobaki.

Wazee walikuwa wamesimama. Mmoja alikuwa amefunika uso kwa kofia. Lakini Ochom, shetani yule, macho yake yalikuwa makali siku ile kuliko siku zote.

"Ngojeni!" akapiga kelele. "Angalieni! Ameingiza upande ya moto! Ile ya Egwang iko nje. Mdomo haijafika hapo. Mate haijakutana!"

Kila mtu alinitazama mdomo. Mzee Aluka alisogea karibu, akainama, akachunguza kwa makini kama mtu anayekagua kwato. Kisha akatikisa kichwa polepole.

"Ni kweli," akasema. "Amegusa moto. Moto hauna mate."

Nilimwona Ochom akishusha pumzi. Alikwisha anza kucheka. Alinyoosha mkono kwa Aluka, akasema huyu mama ana kichaa kidogo tangu afiwe, wamsamehe, tunywe.

Niliitoa siga mdomoni. Niliitazama ile ncha nyingine.

Nataka niseme ilivyokuwa, kwa sababu watu husimulia kisa hiki huko Chakol wakicheka, kana kwamba nilikunywa maji. Ilikuwa imetafunwa. Jani la juu limeachana likining'inia, limelowa likawa laini kama ngozi ya kidole kilichokaa ndani ya maji. Rangi yake ilikuwa ya chai iliyolala. Kulikuwa na alama za meno yake, na ndani ya zile alama kulikuwa na mate yake, mazito, yana povu dogo, na harufu ilikuwa ya mdomo wa mtu aliyekula nyama jana. Nimeosha matumbo ya ng'ombe maisha yangu yote, nimewasafisha watoto, nimemwosha mume wangu marehemu wiki zake za mwisho, na katika yote hayo sikupata kuona kinyaa kama nilichokiona juu ya ile ncha. Kila kitu ndani yangu kilisema hapana.

Nikaigeuza. Nikaitia mdomoni mpaka meno yangu yakakaa pale palipokuwa meno yake. Nikanyonya, mate yakaja. Yalikuwa yamepoa. Nikayameza, kwa makusudi, koo likionekana, watu wote wayaone yakishuka. Kisha, kwa kuwa sikutaka Ochom abaki na neno lolote, nikavuta moshi nikaufunga mdomoni kama Egwang alivyofundisha, nikamtazama machoni, mkwe yule, ana kwa ana, nikauachia usoni pake.

Alupo alikuwa amepiga magoti.

"Mbuzi," akasema Ochom kwa sauti ya kukauka. "Tutachinja mbuzi. Tutasafisha. Mzee Aluka, hii ni kitu ya kusafishwa."

Mzee Aluka alikuwa tayari ameokota fimbo yake. "Utasafisha nini?" akamwuliza bila hasira. "Huyu mama sasa ni kama bibi yake. Nichukue msichana nimweke nyumba gani? Ya mama yake?"

"Uncle, hayo ni mambo ya zamani!" Egwang akasema. Lakini alikuwa amerudi nyuma, na nilimwona akijifuta midomo kwa kitambaa, tena na tena. Mtu aliyekataa mrija wetu kwa ajili ya usafi alikuwa amegundua kwamba mdomo wake umefika kwenye mdomo wa mwingine bila yeye. Nilimwonea raha. Nilicheka, siga mkononi, na nadhani kicheko changu ndicho kilichommaliza. Alimfuata mjomba wake kwenye gari bila kuaga, na boksi lake la mbao akalisahau kwenye kigoda.

Maji yakimwagika hayazoleki. Ochom alinipiga kofi moja, na lingefuata la pili kama wazee wake hawakumshika. Alinifukuza bomani jioni ile ile, mimi na binti yangu na sufuria zetu, na shamba likawa lake kweli kweli. Tulihamia Malaba, chumba cha nyuma ya hoteli. Wanawake wengine hawakula tena kwangu. Walisema mimi ni mke wa mkwe wangu. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Madereva hawajali mila za Wateso, na wao ndio waliokuwa wanakula sana.

Niliosha kinywa changu kwa chumvi, kwa jivu, kwa majani ya mwarobaini, kwa pombe kali ya waragi niliyoletewa na dereva kutoka Tororo. Nilisugua ulimi kwa kijiti mpaka ukatoa damu. Mate ya Egwang yalitoka. Baada ya siku chache nilikuwa naweza kumeza chakula bila kuyafikiria.

Kilichobaki ni kile kingine. Kwa sababu nilipoufunga ule moshi mdomoni, nyuma ya mate yale, nyuma ya uchafu wote ule, maziwa yalikuja. Ile ya juu, mafuta yake. Halafu njugu zilizokaangwa polepole. Halafu mbao mpya. Mimi, mtoto wa banda la tumbaku, niliyekula uchungu wa lile jani utoto wangu wote, sikuwa nimejua kwamba linaweza kufanywa laini namna ile. Nilisimama pale mbele ya wazee, nimebeba mate ya mtu tumboni, na ulimi wangu ukataka tena. Nilielewa jinsi mtu anavyoweza kukaa kwenye kiti kizuri, macho ameyafumba nusu, akakimaliza kitu laini taratibu mpaka kikawa jivu, na akaita hiyo heshima. Hilo ndilo linalonichukiza hadi leo, kuliko mdomo wake.

Alupo aliondoka kwenda chuoni muhula ulipoanza. Asubuhi tulipokuwa tukingoja gari, sanduku lake katikati yetu, aliniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba siku zote hizo.

"Mama, ile kitu. Ilikuwa tamu kama alivyosema?"

Alikuwa amekaza macho, mkono mmoja ameushika mwingine pale kwenye kiwiko cha ndani.

"Uongo mtupu," nikamwambia. "Ilikuwa mate tu."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Chakol. Nami nikageuka nikatema kando ya barabara.